Manono: Mababu Waliobaki Kwenye Hati za Ardhi

Jina la Manono, mji wa kusini-mashariki mwa Kongo, lilienea duniani kwa sababu ya bati. Mwaka 1910, huko Ubelgiji, iliundwa kampuni yenye jina refu, Compagnie Géologique et Minière des Ingénieurs et Industriels Belges, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina fupi la Géomines. Kufikia mwisho wa muongo ule bati lilikuwa limeanza kutolewa kwenye nchi ya Waluba, kati ya mto Luvua na mto Lualaba, na kando ya mashimo ukazaliwa mji: makazi ya wazungu upande wake, kambi za wafanyakazi upande wake, na katika miaka ya 1930 umeme kutoka maporomoko ya Piana Mwanga. Leo mji huohuo unatajwa kwa lithiamu, na wanaoutaja wako mbali nao kama walivyokuwa wale wa kwanza.

Wageni wanaoandika habari za Manono huhesabu tani. Mimi nafuata watu: familia zilizokuwa kwenye ardhi ile kabla ya kampuni, zikasogezwa, zikaingia kambini, zikazaa wajukuu ambao sasa wako Kalemie, Lubumbashi, Kinshasa na Brussels, na wanauliza nkambo wao, yaani babu yao, alikuwa nani na alilima wapi. Majibu yapo kuliko wengi wanavyodhani, ila yako mahali pachungu, ndani ya makaratasi yaleyale yaliyowatoa kwenye ardhi. Ili amwondoe mtu kwa kufuata sheria zake mwenyewe, mkoloni alilazimika kwanza kuandika kwamba mtu huyo yupo.

Sheria ya kwanza ni ya tarehe 1 Julai 1885. Siku hiyo Francis de Winton, mtawala mkuu wa Dola Huru ya Kongo chini ya Mfalme Leopold II, alitoa amri kwamba ardhi isiyokaliwa ni mali ya Leta, yaani dola. Ardhi ya wenyeji ingebaki chini ya mila na machifu wao, lakini kilichohesabiwa kuwa chao kilikuwa nyumba na shamba linaloonekana. Pori la kuwinda, shamba lililoachwa lipumzike, kingo za mto za kuvulia samaki, vyote hivyo viliingia upande wa Bula Matari, jina ambalo watu waliipa Leta hiyo. Kwa Katanga, jimbo ambamo Manono ilikuwamo, mambo yalikwenda mbali zaidi. Theluthi moja ya ardhi ya Leta iliahidiwa kampuni binafsi, Compagnie du Katanga, iliyoundwa mwaka 1891, na mwaka 1900 ukaundwa mkono mmoja wa kuisimamia yote, Comité Spécial du Katanga, ambayo kila mtu aliiita CSK. Ndiyo iliyogawa ardhi na vibali vya madini hadi mwisho wa ukoloni. Kwa hiyo mtu wa Manono anayetafuta karatasi ya kwanza inayotaja eneo la ukoo wake asishangae kuikuta chini ya jina la kamati ambayo nkambo wake pengine hakuwahi kuisikia, na asishangae kuambiwa kwamba faili lilikwenda Élisabethville (Lubumbashi ya leo), na kutoka Élisabethville likaenda Ubelgiji.

Karatasi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini. Inaitwa certificat d'enregistrement, na huku kwetu watu husema sertifika tu. Juu yake kuna namba mbili, ya volyumu na ya folio, kwa sababu kila sertifika ina nakala mbili: moja hupewa mwenye mali, nyingine hubaki ndani ya kitabu kikubwa cha ofisi. Chini yake kuna jina la mwenye ardhi, ukubwa kwa hekta, ari na sentiari, mchoro wa mipaka, na maelezo ya jinsi ardhi ilivyomfikia. Mali ikiuzwa au ikirithiwa, sertifika ya zamani hufutwa na mpya huandikwa, na mpya hutaja ile iliyotangulia. Hapo ndipo penye faida kwa mtafuta nasaba. Akiwa na namba moja tu ya volyumu na folio anaweza kurudi nyuma, mmiliki hadi mmiliki, mpaka kwenye ombi la kwanza kabisa.

Lakini majina atakayoyakuta njiani yatakuwa ya kampuni, ya misheni na ya wafanyabiashara wa kigeni. Mkongomani hakufunguliwa mlango wa kumiliki ardhi kwa sertifika mpaka amri ya tarehe 10 Februari 1953, na hata baada ya hapo walioupita walikuwa wachache. Majina ya watu wetu yako kwenye viambatisho ambavyo wengi hawavifungui.

Kiambatisho chenye thamani kuliko vyote ni taarifa ya uchunguzi wa ardhi. Amri ya tarehe 31 Mei 1934 ilitaka kwamba ardhi isitolewe kabla afisa wa Leta hajakwenda mahali penyewe, akawakusanya machifu na wazee, akauliza nani ana haki gani pale, na kuandika majibu. Mzee anaulizwa kama ukoo wake unawinda hapo, unavua, unakata kuni, unachimba udongo wa vyungu, una makaburi. Anajibu, karani anaandika kwa Kifaransa, na asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Najua mikutano ile haikuwa ya haki. Mzee aliyeketi mbele ya afisa mwenye askari alikuwa na nafasi ndogo ya kukataa, na fidia, ilipokuwapo, haikulingana na kilichotolewa. Hata hivyo, ukurasa ule unaweza kuwa mahali pekee ambapo jina la nkambo, jina la kijiji kilichohamishwa na jina la kijito alichovulia vimeandikwa pamoja, na tarehe juu yake. Naona ni haki ya wajukuu kuusoma.

Wala mtu asidhani kwamba wazee wale walikuja mkutanoni mikono mitupu. Nchi ya Waluba ilikuwa na hazina yake ya kumbukumbu kabla ya Leta. Chama cha Mbudye kilitunza lukasa, ubao unaoenea mkononi, uliojaa shanga na simbi. Mjuzi aliupitisha vidole na kusimulia habari za wafalme, koo, safari na mahali patakatifu. Shanga moja iliweza kuwa mtu, na mstari wa shanga njia. Ubao huo haukusomwa na kila mtu, na maneno yake yalifuata hadhira na shughuli ya siku hiyo, jambo ambalo makarani wa ukoloni hawakuweza kulikubali kama ushahidi. Lukasa nyingi leo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Zile taarifa za uchunguzi, zikisomwa na mtu anayejua kwamba mzee alikuwa anasimulia kwa mpangilio huo, zinafunguka vizuri zaidi. Orodha ya vijito ambayo karani aliiona kama kupoteza wakati inaweza kuwa njia nzima ya ukoo kutoka ulikotoka hadi ulipofika.

Sasa chukua kijana aliyetoka kijijini na kuingia kambi ya Géomines katika miaka ya 1920. Kuanzia siku hiyo anafuatwa na karatasi. Kuna kitabu cha utambulisho: jina lake, la baba, la mama, kijiji, chifu, teritware (eneo la utawala). Kuna kadi ya kampuni yenye kazi, mshahara na adhabu. Japani ilipoteka Malaya mwaka 1942, na bati la Kongo likawa la lazima kwa majeshi ya Washirika, kazi ikaongezwa na makaratasi yakaongezeka nayo. Baadaye akipata kiwanja katika mtaa wa Waafrika hupewa livre de logeur, kitabu kinachosema anaruhusiwa kukaa, bila kusema kwamba pale ni pake. Familia nyingi za Katanga bado zinakitunza kitabu hicho ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Kitunzeni. Kwenye mzozo wa parseli kina uzito, na kwenye nasaba kina uzito zaidi, kwa sababu kinataja wote waliolala chini ya paa moja.

Majina ndiyo yanayochosha. Mluba hakuwa na jina la ukoo linalorithiwa kwa mtindo wa Ulaya. Pacha ni Kyungu na Kabange, na mji mmoja unaweza kuwa na Kabange wengi wasio na undugu. Karani mmoja ataandika Kiungu, mwingine Kyungu. Kisha mwaka 1972 utawala wa Mobutu ukakataza majina ya Kikristo, na mtu aliyekuwa na jina la ubatizo kazini akatokea upya kwenye orodha kwa jina jingine kabisa. Asiyekuwa na bibi wa kumuuliza ataunganisha watu wawili kuwa mmoja, au atamkata mmoja kuwa wawili. Jina la mama ndilo linalookoa, maana mara chache watu wawili wataafikiana kwa jina la baba, la mama na la kijiji kwa pamoja.

Mirathi ndiyo sehemu ambapo watu husema zaidi. Mzungu akifa kwenye koloni bila warithi kuwapo, mali yake ilishikwa na ofisa aliyeitwa curateur aux successions, kwa amri ya mwaka 1888. Vitu viliorodheshwa kimoja kimoja, madeni yakalipwa, kilichobaki kikapelekwa kwa ndugu Ulaya. Mwafrika akifa, mirathi ilikwenda kwa mila. Na mila za huku si moja. Waluba wa Manono hufuata ukoo wa baba. Wahemba wa upande wa kaskazini hufuata ukoo wa mama, hivyo mali ya marehemu humwangukia mpwa wake. Kambi iliwaweka pamoja, wakaoana, na mume alipofia mgodini kukawa na watu wawili mlangoni, mtoto na mpwa, kila mmoja akiwa na haki kwa mila yake. Kesi za namna hiyo zilipelekwa kwenye mahakama za wenyeji zilizopangwa kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926, na ili kesi iamuliwe ilibidi kila upande utaje nasaba mbele ya wazee. Kitabu cha mahakama kama hiyo, kilipopona, ni cha kukisoma polepole. Mashahidi wanakosoana, shangazi anasimama kumsahihisha kaka yake, na vizazi vitatu vinatajwa kabla ya kufika kwenye baiskeli inayogombewa. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilikuja kuwaweka watoto mbele ya wote, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa, ilimradi baba aliwatambua akiwa hai.

Hilo la kutambuliwa linagusa jeraha la miji yote ya kampuni. Wahandisi wa Kibelgiji walizaa na wanawake wa Kikongo, na Leta iliwachukua wengi wa watoto hao kwa mama zao na kuwaweka misheni. Curateur alipofunga faili la baba, mtoto asiyetambuliwa hakuwa mrithi. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni Brussels, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ilihukumu kwamba kuwateka wanawake watano, waliochukuliwa wakiwa wadogo na kupelekwa misheni ya Katende huko Kasai, kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ubelgiji ina mradi unaowasaidia machotara na wazao wao kufikia mafaili yao. Mjukuu aliyeko Manono anahitaji mlango huohuo kama aliyeko Brussels.

Mengi yamepotea. Oktoba 1960 Manono ilitangazwa makao ya jimbo la Lualaba la Balubakat, chama cha siasa cha Waluba wa Katanga, kuipinga Katanga iliyojitenga chini ya Moïse Tshombe, na Machi 1961 askari wa Katanga wakauteka mji. Mgodi ulisimama mapema miaka ya 1980 mikononi mwa kampuni ya Zaïrétain. Kisha vikaja vita vya 1998 hadi 2003. Katikati ya hayo sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya Leta na kuahidi amri ya rais ya kueleza haki za jamii za vijijini. Miongo ilipita bila amri hiyo kutoka.

Mwaka 2025 serikali ya Kongo ilitia sahihi makubaliano na kampuni ya Marekani, KoBold Metals, na miongoni mwa mambo yaliyomo ni kuingiza kwenye kompyuta nyaraka za kijiolojia zilizoko makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Haraka hiyo ni kwa ajili ya mawe. Taarifa za uchunguzi wa ardhi, vitabu vya mahakama na mafaili ya mirathi yastahili haraka ileile, na nakala zake ziwekwe Kalemie na Manono, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa pikipiki.

Maana majina yanaandikwa tena. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kampuni inawajibika kukubaliana na jamii za eneo lake, na kila makubaliano huanza na orodha ya nani ni nani hapo. Batwa, ambao toka mwaka 2013 wamekuwa kwenye mapigano na majirani zao Waluba kwa sababu ya ardhi na dharau wanayotendewa, hawamo kabisa kwenye hati nyingi za zamani, kwa kuwa aliyewinda bila kulima hakuhesabiwa kuwa anakaa mahali. Wazee wao wanajua mipaka ya mapori yao kama wazee wetu walivyovijua vijito vyao, na safari hii karani anayeandika ni mtoto wa hapahapa.