Kutoka Machimbo ya Dhahabu hadi Viwanda vya Ndege: Historia ya Kukata kwa Maji

Matumizi ya mkondo wa maji kama chombo cha kazi yalishamiri machimboni kabla ya kuingia viwandani, na hapo mwanzo nguvu yake ilitegemea wingi. Mwaka 1853, karibu na mji wa Nevada City huko California, mchimbaji Edward Matteson alielekeza maji ya bomba la turubai kwenye kilima chenye dhahabu ili udongo uporomoke, na katika miongo mitatu iliyofuata njia hiyo ilibomoa vilima vizima na kujaza tope mito iliyotegemewa na wakulima wa bondeni, hata Jaji Lorenzo Sawyer akapiga marufuku umwagaji huo mwaka 1884. Teknolojia ya leo ilizaliwa kwa kufuata njia iliyo kinyume, yaani kuyabana maji machache katika tundu dogo.

Katika miaka ya 1950, mtaalamu wa misitu Norman Franz, akitafuta namna ya kupasua mbao bila msumeno, aliangusha vitu vizito juu ya maji yaliyofungiwa bombani, yakafyatuka kwa kasi iliyotosha kukata mbao, ingawa shinikizo lilitoweka papo hapo. Kikwazo hicho kiliondolewa na pampu ya kuzidisha shinikizo, ambayo ndani yake pistoni pana inayoendeshwa na mafuta husukuma pistoni nyembamba inayobana maji, hivyo shinikizo la mafuta likazidishwa takriban mara 20. Kufikia miaka ya 1970 mashine za aina hiyo zilikuwa zikikata maboksi na vitu vingine laini, lakini metali ziliwashinda waliozitumia.

Mwaka 1979 Mohamed Hashish, mhandisi aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Alexandria nchini Misri, alianza utafiti katika kampuni ya Flow, jimboni Washington, akabuni njia ya kuchanganya maji na chembe za madini makali. Katika kichwa cha mashine ya namna hiyo, maji yenye shinikizo la baa 4,000 hupita katika tundu la yakuti au almasi lenye upana wa takriban milimita 0.3, yakatoka kwa kasi inayokaribia mita 900 kwa sekunde. Kasi hiyo huvuta chembe za ganeti, ambazo ni mchanga wa kito kigumu chekundu, na mchanganyiko hupenya katika mrija mwembamba kabla ya kuigusa metali. Kwa hiyo kinachokwangua chuma ni ganeti, na maji ndiyo huibeba.

Tangu miaka ya 1990 maendeleo yameelemea kwenye usahihi. Kwa kuwa mkondo hupinda kidogo unapopita katika bamba nene, kompyuta zilianza kukokotoa mwendo unaofaa kwa kila kona, kisha vikaja vichwa vinavyojiinamisha ili ukingo usiwe mshazari, na pampu za baa 6,000 zikaongeza kasi ya kazi. Viwanda vya ndege vimenufaika sana, kwa sababu titani hukatwa bila kuunguzwa na joto linalobadilisha sifa zake. Hata hivyo, ganeti ndiyo gharama kubwa zaidi ya kuendesha mashine hizi, na nyingi hutupwa baada ya kutumika mara moja. Ndiyo maana juhudi za kuisafisha na kuirudisha kazini zina uzito sawa na kuongeza shinikizo la pampu.