DEKI YA NGUVU: KWA NINI CHUGA ILIICHUNIA MASHINE YENYE PICHA KALI KULIKO ZOTE

Madogo wa sasa wakibishana kuhusu 4K wanadhani ubishi wa picha kali umeanza juzi. Thubutu! Washua wa Arusha walishabishana sana, tena kwa hela ngumu, kabla hata Tanzania Bara haijawa na kituo chake cha TV. Umesoma sawa. Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini huku Bara serikali iliona TV ni anasa, na vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo miaka ile mtu wa Kijenge au Kaloleni akinunua TV, hakuwa na taarifa ya habari ya kuangalia. Alinunua kwa ajili ya deki.

Deki zilifikaje? Mpaka wa Namanga ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena mwaka 1983 baada ya mapatano yaliyofikiwa hapa hapa Arusha. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Halafu 1985 akaingia Mzee Ruksa, na jina hilo hakulipata bure. Mizigo ikaanza kumiminika kutoka Dubai na Nairobi. Na Arusha ilikuwa na watu wenye hela ya kubahatisha: wafanyabiashara wa mjini, watu wa utalii, na wanaapolo wa Mirerani ambao jiwe likitoka leo, kesho yake wanataka kitu cha kuonyesha mtaani.

Hapo ndipo watu walipopigwa.

Deki kwa macho zote zinafanana. Ila dunia ilikuwa imegawanyika. Marekani na Japani walitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525, Uingereza na nchi nyingi za huku zikatumia PAL yenye mistari 625, Wafaransa nao wakajitenga na SECAM yao. Mshua ananunua deki kali ya Japani, anaikumbatia kwenye basi safari nzima, anafika nyumbani majirani wameshakaa kwenye mikeka, anawasha... picha nyeusi na nyeupe. Au inazunguka kama shati kwenye mashine ya kufulia. Na huyo ana bahati. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Aliyechomeka moja kwa moja bila transfoma alipata moshi badala ya sinema. Pesa ya ng'ombe wawili imeondoka kwa dakika moja, na duka lilikuwa Dubai, utamrudishia nani?

Ndiyo maana neno "multisystem" likawa kama sala. Mjanja alilitafuta kwanza kwenye kasha kabla ya kuuliza bei. Wengine walihesabu vichwa: deki ya vichwa vinne ilionekana ndiyo ya kiume, ya viwili ni ya masikini. Ukweli ni kwamba kwa mkanda wa kawaida, kwa mwendo wa kawaida, tofauti haikuwa kubwa kihivyo. Vichwa vinne vilisaidia zaidi ukisimamisha picha, au mkanda ukiwa umerekodiwa kwa mwendo wa polepole ili uchukue saa nyingi. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu ambaye ameshalipa.

Sasa, muda wote huo kulikuwa na mashine nyingine ambayo wengi mjini hawakuwahi hata kuisikia. Inaitwa LaserDisc. Iliingia sokoni Marekani Desemba 1978, na baadaye kampuni ya Pioneer ya Japani ndiyo ikaibeba. Diski yake ni kubwa kama sahani ya santuri, sentimita 30, inang'aa kama CD, inasomwa kwa mwanga wa leza, hakuna kitu kinachogusana na kitu. Kwa ukali wa picha, mkanda wa VHS ulikuwa unatoa mistari kama 240, LaserDisc inapita 400. Hayo ni mashindano ya bajaji na Land Cruiser. Mwaka 1995 Pioneer walitoa Japani mashine ya HLD-X0 ambayo wapenzi wa kitu hiki mpaka leo wanaitaja kwa heshima.

Kwa nini haikutamba Chuga? Bei, ndiyo, lakini bei siyo sababu yote. Mwanaapolo aliyepata jiwe angeinunua. Shida ni kwamba LaserDisc ya nyumbani ilikuwa inacheza tu, hairekodi. Na mji huu uliishi kwa kurekodi. Mkanda mmoja wa kikarate ukitoka Nairobi, usiku huohuo deki mbili zinaunganishwa kwa waya, asubuhi ipo mikanda mitatu. Wa Ngarenaro anaazima wa Unga Ltd, wa Tengeru anasubiri. Kila nakala ilikuwa mbovu kuliko mama yake, nakala ya nne mpiganaji ana kivuli chake pembeni na damu imekuwa ya pinki, lakini kibanda umiza kinajaa. Mwenye kibanda hakuwa anauza mistari 400. Alikuwa anauza sinema mpya.

Tena diski ya LaserDisc ilibeba saa moja kila upande, ile ya ubora wa juu nusu saa tu. Hebu fikiria umati wa Sakina unaambiwa usubiri diski igeuzwe katikati ya ngumi.

Ila kulikuwa na kitu ambacho hata multisystem haikukiweza: hali ya hewa ya chini ya Meru. Mwezi wa saba, deki ikibebwa kwenye baridi ya asubuhi ikaingizwa chumba chenye joto na watu, unyevu unaganda kwenye kichwa. Nyingine zilikuwa na kitaa kilichoandikwa DEW, kikiwaka deki inagoma. Mwenye haraka anaizima, anaiwasha, anaipiga kofi. Mzoefu anaiacha saa moja au mbili ikauke, anakunywa chai. Kiangazi nako ni vumbi, picha inajaa chenga, fundi anakuja na spiriti.

Baadaye zikaja VCD, watu wakatupa deki huku wakishangilia kwamba sasa ni dijitali. Chekesho lenyewe ni kwamba picha ya VCD ni nukta 352 kwa 288, kama robo ya DVD. Ile LaserDisc ya 1978 ilikuwa inaikalisha vizuri tu. Halafu zikafuata DVD za Kichina, filamu kumi kwenye diski moja, hapo tusiseme.

Lakini ndani ya kabati za Arusha mikanda ya VHS bado ipo. Siyo ya kikarate. Ni ya harusi, kipaimara, msiba wa babu, sauti ya bibi akiimba. Mashine yenye picha kali kuliko zote isingeweza kuvirekodi hivyo. Deki ya chenga iliweza, na deki zenyewe hazitengenezwi tena tangu 2016. Anayetaka kuhamishia mkanda kwenye simu atafute kwanza ule uliotoka kwenye kamera yenyewe, siyo nakala aliyopewa shangazi. Auangalie kwenye dirisha la kasha: ukiwa na ukungu mweupe usiingizwe kwenye deki, utachafua kichwa na huenda ukakatika. Fundi wa deki mwenye spiriti na subira bado anapatikana mjini, ila ni mzee, na wanafunzi hana.