Utafiti shirikishi wa jamii (Mtwara)

Utafiti shirikishi wa jamii ni aina ya utafiti wa kimaelezo ambamo wanakijiji huichunguza hali yao pamoja na mtafiti, badala ya kujibu dodoso tu. Miongoni mwa waasisi wake Tanzania ni Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Kifini aliyeshiriki mradi wa Jipemoyo, Bagamoyo, miaka ya 1970.

Kusini, mbinu hii ilishika kasi miaka ya 1990 kupitia RIPS, mpango wa maendeleo vijijini wa Mtwara na Lindi uliofadhiliwa na Finland. Katika utafiti kama huu, ramani ya kijiji huchorwa chini kwa kijiti. Mbegu na vijiwe huonyesha visima, mashamba na kaya. Watu wakishabishana na kukubaliana, mchoro hunakiliwa kwenye karatasi.

Kusini kuna utafiti wa aina nyingine pia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kinajulikana zaidi kwa utafiti wa mikorosho na ubwiriunga, ugonjwa unaoishambulia. Maisha ya watu wa kusini nayo yamechambuliwa katika *The Making of a Periphery*, kitabu kilichohaririwa na Pekka Seppälä na Bertha Koda, kikachapishwa Uppsala, Sweden, mwaka 1998. Kimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wanakijiji wengi hawaisomi.