Kibodi Chini ya Kioo: Simu ya G1 na Mahali pa Lugha Katika Vyombo

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii twaitumia sana tunapotaka kumkumbusha mtu ya kuwa kila kinachopendeza macho kina jasho la fundi ndani yake. Lakini yako maana nyingine ambayo yafaa ifikiriwe na kila mwenye kushughulika na utamaduni wa taifa. Chombo hakichukui shehena peke yake. Huchukua pia desturi za waliokiunda. Fundi wa jahazi hupima mbao kwa kipimo cha kwao. Hali kadhalika fundi wa mashine hutia ndani yake herufi za kwao, hesabu ya saa ya kwao, na mawazo ya kwao juu ya mahali panapofaa kuwekwa kumbukumbu ya mtu.

Katika makala haya nakusudia kulieleza jambo hilo kwa kufuata historia ya chombo kimoja tu, nacho ni simu iliyoanza kuuzwa nchini Marekani tarehe 22 Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1. Kampuni ya HTC ya Taiwan, ambayo ndiyo iliyoiunda, iliiita Dream. Hiyo ndiyo simu ya kwanza kuuzwa kwa umma ikiwa na mfumo wa Android, mfumo ambao leo unaendesha sehemu kubwa kabisa ya simujanja za dunia, zikiwamo zilizo mifukoni mwetu. Kwa hiyo kuichunguza G1 ni kuuchunguza mzizi wa mti ambao matawi yake yametufikia.

Simu hiyo haikuzuka ghafla. Kwa miaka mingi mtu wa ofisi alitembea na vitu viwili: simu ya kuzungumzia, na kijitabu cha shajara chenye majina, anwani na miadi yake. Wazo la kuviunganisha viwe kimoja lilitimizwa na kampuni ya IBM, ambayo chombo chake kilichoitwa Simon kilianza kuuzwa Marekani mwezi Agosti 1994. Simon ilikuwa na kalenda, orodha ya anwani na kioo cha kugusa, lakini uzito wake ulikaribia nusu kilo, na betri yake ilichoka baada ya muda wa saa moja hivi ya mazungumzo. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ilitoa Pilot, ambayo haikuwa simu bali shajara ya umeme. Mwenye kuitumia aliandika kwa kijiti juu ya kioo, ila kwanza ilimpasa ajifunze namna mpya ya kuchora herufi ili mashine imwelewe. Hapo tayari twaona mtu akifundishwa kuandika na chombo chake.

Mwaka huohuo wa 1996 kampuni ya Nokia ya Ufini ilitoa simu ya 9000 Communicator, yenye uzito wa gramu 397, iliyofunguka kama kasha la miwani na kuonyesha kibodi kamili ndani yake. Mwaka 2002 ikafuata Hiptop ya kampuni ya Danger ya Marekani, iliyopata sifa kwa jina la Sidekick, ambayo kioo chake kilizungushwa na kibodi ikajitokeza chini yake. Miongoni mwa waasisi wa Danger alikuwa Andy Rubin. Mwezi Oktoba 2003, yeye pamoja na Rich Miner, Nick Sears na Chris White walianzisha kampuni nyingine iitwayo Android huko Palo Alto, California. Google iliinunua kampuni hiyo mwaka 2005, na mwezi Novemba 2007 kampuni 34 zikatangaza umoja wa kuuendeleza mfumo huo. Basi G1 ni mjukuu wa Simon na mtoto wa ndugu wa Sidekick.

Ama kuhusu umbo lake, G1 ilikuwa na uzito wa gramu 158 na kioo chenye ulalo wa inchi 3.2. Kioo kiliposukumwa hakikwenda moja kwa moja. Kilipita njia ya upinde kisha kikatulia juu, na chini yake vikaonekana vitufe vya herufi katika safu tano, safu ya juu ikiwa ya tarakimu. Kando yake palikuwa na kigololi cha kusogeza alama katika kioo. Kalenda, kitabu cha anwani, barua za intaneti na ramani vyote vilikuwamo. Jambo la kukumbuka ni hili: siku ilipoanza kuuzwa, G1 haikuwa na kibodi ya kugusa juu ya kioo. Aliyetaka kuandika hata jina la mtu mmoja ilimlazimu aifungue na kupiga vitufe.

Na tuvitazame vitufe hivyo. Mpangilio wake unaoanza na Q, W na E ulitokana na mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes wa mji wa Milwaukee, ambaye yeye na wenzake walipata hataza mwaka 1868, na Remington ikaiingiza sokoni mashine ya namna hiyo mwaka 1874. Mpangilio uliotengenezwa kwa ajili ya vyuma na utepe wa wino uliishi zaidi ya miaka 130, ukaingia katika simu isiyo na chuma kinachopiga wala utepe. Desturi ya karakana moja ya karne ya 19 ikawa desturi ya vidole vya watu wa mabara yote.

Kiswahili hakikupata taabu juu ya vitufe hivyo. Herufi zetu hazina nukta chini wala kofia juu. Q na X hatuzihitaji. Na ng' yatoshelezwa na ritifaa. Lakini wepesi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na tenzi nyingi za pwani zilihifadhiwa kwa hati hizo. Hati za Kirumi zilienezwa na wamisionari na serikali za kikoloni. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja. Tulipata wepesi wa kupiga taipu, na tukaacha baadhi ya sauti zetu: msemaji wa Kimvita hutofautisha t mbili ambazo tahajia sanifu huziandika kwa herufi moja. Ndugu zetu Wakikuyu, ambao huandika baadhi ya i na u kwa alama juu yake, hawakuzikuta herufi hizo katika vitufe vya G1. Kitufe kikishachorwa kiwandani hakiandikiki upya, na lugha isiyokuwapo siku ya kuchorwa hubaki nje ya mlango.

Jambo la pili ni saa. Kalenda ya G1, kama za mashine nyingine zote za nasaba yake, ilianza kuhesabu siku usiku wa manane. Sisi twahesabu saa kwa jua: jua likichomoza asubuhi inaanza, na saa moja ya mchana hupita ndipo tunaposema ni saa moja. Mkutano wa saa nne asubuhi, kwa mashine, ni wa saa 10. Mtu akiandika 4 kama alivyoisikia kwa mama yake, kengele itamwamsha alfajiri, saa kumi ya usiku kwa hesabu yetu. Hata majina ya siku yana hesabu yake. Jumamosi ni siku ya mosi na Jumapili ni siku ya pili, ilhali kalenda za Wamarekani huanza juma kwa Jumapili, na za nchi nyingi za Ulaya huanza kwa Jumatatu. Isitoshe, wazee wa pwani wakisema usiku wa Ijumaa hukusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kalenda ya mashine huuita Alhamisi. Kwa hiyo kila tunapoweka miadi twafanya tafsiri kimoyomoyo. Tumeizoea hata hatuioni tena, nayo mazoea yasiyoonekana ndiyo yanayoondoa mila bila kelele.

Jambo la tatu ni ghala. Shajara ya karatasi ilikaa mfukoni. Pilot ya Palm iliwekwa juu ya kitako chake, ukabonyezwa kitufe, na nakala ya miadi ikaingia katika kompyuta ya mwenyewe mezani. G1 ilifuata njia tofauti: aliyeinunua alitakiwa kuwa na akaunti ya Google, na majina na miadi yake vikawekwa katika kompyuta za kampuni hiyo na kurudishwa kwake kwa mtandao. Faida yake ni kubwa, kwani simu ikipotea, majina hayapotei. Lakini mwezi Oktoba 2009 watu wengi wenye simu za Sidekick walijikuta hawana majina, kalenda wala picha zao, baada ya hitilafu katika kompyuta kuu za Danger, ambayo wakati huo ilikwisha kununuliwa na Microsoft. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ilirejeshwa baadaye, lakini funzo lilibaki: mwenye kuweka nafaka yake yote katika ghala la mwingine hana budi kujua funguo ziko kwa nani.

Hadi hapo msomaji aweza kudhani kwamba nailaumu G1. Sivyo. Historia yake ina upande wa pili, nao ndio ulionifanya niichague. Mwezi Oktoba 2008, mwezi uleule simu hiyo ilipoanza kuuzwa, maandishi ya msingi ya programu ya Android yaliwekwa wazi ili kila mwenye ujuzi ayasome na kuyabadili kwa masharti ya leseni yake. Kisha, mwezi Aprili 2009, likatolewa toleo la 1.5 la mfumo huo, lililoleta kibodi ya kugusa juu ya kioo. Toleo hilo liliruhusu pia kibodi zilizotengenezwa na watu wengine, na likampa mtumiaji kamusi ndogo ya kutia maneno yake mwenyewe. Mwaka huohuo HTC ikatoa simu ya Magic, ambayo haikuwa na vitufe vya herufi kabisa. Kibodi ya kusukuma ilikuwa imeanza safari ya kutoweka.

Walioipenda waliisikitikia, nao walikuwa na haki yao. Kidole kilikijua kitufe hata gizani, na mashine iliandika kile kilichobonyezwa bila kukisia. Hata hivyo, herufi zilipoacha kuchorwa kiwandani na kuwa picha juu ya kioo, mlango uliofungwa na kitufe ulifunguka. Picha hubadilishwa. Herufi za Kikuyu, za Kiamhari na za Kiarabu ziliweza kukaa juu ya kioo kilekile kwa zamu. Mwaka 2011 Safaricom ya Kenya ilipouza simu ya Huawei IDEOS yenye mfumo huohuo kwa bei iliyo chini ya dola 100, chombo hicho kilifika kwa watu wengi wa Afrika Mashariki kikiwa tayari kina kioo kitupu badala ya vitufe vilivyokwisha kuchorwa.

Lakini kioo kitupu hakijijazi chenyewe. Kibodi ya kioo hukisia maneno, na hukisia kutokana na kile ilichofundishwa. Lugha isiyofundishwa hupigiwa mstari kama kosa, au neno lake hugeuzwa kuwa la lugha nyingine. Wala Kiswahili hakitoshelezwi kwa kumiminiwa orodha ya maneno, kwa sababu kitenzi chetu hujengwa kama nyumba. Katika neno nilimwandikia mna mtendaji, wakati, mtendewa, mzizi na kauli, na mzizi mmoja huzaa maumbo mengi mno yasiyoweza kuorodheshwa moja moja. Yahitaji mtu anayejua sarufi akae na mtu anayejua mashine. Hilo si ndoto. Mwaka 2004, miaka minne kabla ya G1, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa KiLinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyozungumza Kiswahili, nao waliweza kwa sababu maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi.

Basi kazi iliyo mbele yetu yaeleweka. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, vyuo vyetu, waandishi na washairi wana hazina ya istilahi na sarufi. Vijana wetu wa kompyuta wana ujuzi wa kuitia katika vyombo. Kalenda inayohesabu saa kwa jua haiwashindi mafundi: ni kutoa sita au kujumlisha sita. Kinachohitajika ni mtu wa kuidai, na mwenye kuidai ni yule ambaye bado anajua kwamba saa kumi ya mashine ni saa nne yake.

Mwacha mila ni mtumwa, walisema wazee, wala hawakumkataza mtu kupanda chombo cha mgeni. G1 haiuzwi tena, na vitufe vyake vitano kwenda juu ni mali ya wakusanya vitu vya kale. Alichotuachia fundi wake ni chombo kinachoweza kupakwa rangi upya na anayekipanda. Tusipokipaka sisi, tutasafiri ndani yake miaka mingi tukiwa abiria wenye kutafsiri saa zetu kimoyomoyo.