Nta, Hadubini na Kobalti: Vyombo vya Maabara katika Historia ya Mulago

Utangulizi

Kutoka kilima cha Makerere hadi kilima cha Mulago ni mwendo mfupi wa miguu kupitia Wandegeya. Hata hivyo, sisi watu wa lugha huenda Mulago tunapougua, au tunapokwenda kumjulia hali mgonjwa. Ni nadra kwenda kule kutafuta historia. Makala haya yanamwalika msomaji apande kilima hicho kwa sababu nyingine: kutazama vyombo na vitu vilivyotumika katika maabara zake, jinsi vilivyofika, na kazi vilivyofanya.

Tumezoea kuisimulia historia ya sayansi Afrika Mashariki kama historia ya kupokea. Mashine ilitengenezwa Ulaya, ikapakiwa, ikafika, ikazinduliwa, picha ikapigwa. Historia ya Mulago inaonyesha jambo jingine. Mara moja, katika karne ya ishirini, chombo kikubwa cha kuonea vitu vidogo kilikuwa London, lakini swali la kukipa kazi lilitoka Mulago. Makala haya yanadai kwamba chombo bila swali ni samani tu, na kwamba chombo bila matunzo ni deni.

Mwanzo wa Mulago

Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Shule ya utabibu ya Makerere ilifuata mwaka 1924, na tangu hapo historia ya hospitali na ya chuo zimekuwa kama kidole na pete. Hospitali mpya, yaani majengo makubwa ya Mulago Mpya, ilikamilika mwaka 1962, mwaka wa uhuru.

Kabla ya hapo Uganda ilikwisha kuonja nguvu ya hadubini. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria. Huko Entebbe, mwaka 1902 na 1903, Aldo Castellani aliona vijidudu vya tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kuwa vinaenezwa na mbung'o. Watu walikuwa wamekufa kwa miaka bila sababu kujulikana. Kioo kidogo kikaionyesha sababu hiyo. Ndiyo maana maabara ilipewa heshima mapema nchini humu.

Nta, rangi na kioo

Katika idara ya patholojia ya Mulago, chombo cha kila siku kilikuwa hadubini ya mwanga. Lakini hadubini haitazami nyama mbichi. Kipande cha uvimbe hutiwa kwanza katika fomalini ili kisioze. Kisha maji yake huondolewa kwa alkoholi, na mahali pa maji hujazwa nta iliyoyeyushwa. Nta ikipoa, kipande kinakuwa kigumu kama mshumaa na kinaweza kukatwa kwa kisu maalumu, vipande vyembamba kuliko unywele. Vipande hivyo hubandikwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili: moja ya zambarau inayotokana na mti wa Amerika ya Kati, nyingine ya waridi inayotengenezwa kiwandani. Bila rangi hizo mtazamaji haoni kitu cha maana.

Msomaji atambue kwamba hapa hakuna kitu cha ajabu: nta, rangi, kioo na kisu. Ni vifaa ambavyo fundi yeyote angevielewa. Tofauti iko katika utaratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Profesa J. N. P. Davies wa patholojia alianzisha daftari la saratani la Kampala, ambamo kila mgonjwa aliyethibitishwa aliandikwa. Ni mojawapo ya madaftari ya kwanza ya aina hiyo katika Afrika, na linaendelea hadi leo. Daftari nalo ni chombo cha maabara. Hadubini huonyesha mgonjwa mmoja. Daftari huonyesha nchi.

Mtoto wa mwaka 1957

Mwaka 1957 daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto mmoja wa kiume katika wodi ya Mulago. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt, aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini na kuja Uganda mwaka 1946, hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Majipu au maambukizi huvimbisha upande mmoja; huu ulishika pande nne. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye hali ile ile, na tumboni pia mlikuwa na uvimbe.

Alirudi Mulago akafungua majalada ya zamani. Akakuta kwamba vivimbe vya taya, vya tumbo na vya sehemu nyingine, vilivyokuwa vimeandikwa kwa majina mbalimbali, vilitokea kwa watoto wale wale. Aliandika makala yake ya kwanza mwaka 1958. Wanapatholojia waliokuwa Kampala, Davies na Mmarekani Greg O'Conor, walitazama vioo vyao na kuthibitisha kwamba ni saratani ya mfumo wa limfu. Chini ya hadubini seli zake nyeusi hujipanga kwa wingi, na katikati yake huonekana madoa meupe yaliyotawanyika. Wanapatholojia waliita sura hiyo anga lenye nyota. Mwalimu wa fasihi ataona hapa kwamba hata mtu wa maabara, akikosa istilahi, hukimbilia tashbihi.

Vyombo vya bei nafuu

Burkitt alitaka kujua ugonjwa huu unapatikana wapi. Kwa ruzuku ndogo alichapisha vipeperushi vyenye picha, akavituma kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza: je, mmeona hali hii? Majibu aliyabandika kwenye ramani kwa pini. Pini zilifanya ukanda katikati ya bara, na mkia ulioteremka upande wa mashariki.

Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford na kuelekea kusini. Walisafiri wiki kumi, maili zipatazo 10,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru hospitali zaidi ya 50. Waligundua kwamba ugonjwa hupungua kadiri mtu anavyopanda nyanda za juu zenye baridi, na pia katika sehemu kavu. Ramani yake ilifanana na ramani ya mbu. Leo inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara ni mojawapo ya mambo mawili yanayoandaa njia ya saratani hii. La pili tutalifikia hivi punde.

Tujumlishe vyombo vilivyotumika hadi hapa: macho, majalada, vipeperushi, pini, ramani na gari kuukuu. Haba na haba hujaza kibaba.

Chupa iliyochelewa

Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Aliposikia kwamba ugonjwa hufuata joto na mvua, aliwaza mara moja kwamba huenda kuna kirusi. Wakapatana: Burkitt atume vipande vya uvimbe kutoka Kampala kwa ndege.

Epstein alikuwa na hadubini ya elektroni. Hadubini ya mwanga ina mpaka wake: haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nanomita 200, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Virusi vingi ni vidogo kuliko hapo. Hadubini ya elektroni huacha mwanga na kutumia miale ya elektroni ndani ya ombwe, na mahali pa lenzi za kioo zimewekwa sumaku. Hapo nta nayo hushindwa kazi, kwa kuwa kipande kinachohitajika ni chembamba mno. Ilibidi kitu kipya kiingie: plastiki ngumu. Seli hufungwa ndani ya plastiki hiyo na kukatwa kwa ukingo wa kioo kilichovunjwa au kwa almasi. Hadubini mpya ilihitaji pia nyenzo mpya ya kushikilia kitu kinachotazamwa.

Kwa muda wa miaka miwili hivi Epstein hakuona kitu. Mwezi wa Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli nyingine kutoka Uganda ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Chupa ilifika imechelewa, na maji yake yalikuwa na ukungu wake pia. Mtu mwingine angeimwaga akidhani bakteria wameingia. Epstein alichukua tone, akalitazama kwa hadubini ya kawaida, akaona seli za uvimbe zikielea moja moja, zikiwa hai. Zilikuwa zimejitenga njiani kwa kutikiswa. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza zikielea hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza zikaendelea kuishi nje ya mwili.

Mwezi wa Februari 1964 seli hizo ziliwekwa chini ya hadubini ya elektroni, na kirusi kikaonekana. Epstein alisimulia baadaye kwamba alihofu miale isije ikaiunguza sampuli, akazima chombo, akatoka nje kutembea kwenye theluji hadi moyo ulipotulia. Tarehe 28 Machi 1964 yeye, Bert Achong mzaliwa wa Trinidad, na Barr walitangaza matokeo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kirusi kikapewa majina ya Epstein na Barr. Saratani ikapewa jina la Burkitt. Watoto ambao miili yao ilitoa seli hizo hawamo katika jina lolote.

Kobalti na hesabu ya nusu

Kwa kuwa Uganda haikuwa na tiba ya mionzi wakati huo, Burkitt alijaribu dawa. Baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache, jambo lililowashangaza madaktari wa saratani kote duniani. Mwaka 1967 kilianzishwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kwa ushirikiano na taasisi ya saratani ya Marekani, kikiongozwa na John Ziegler. Ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Misukosuko ya mwaka 1972 ilipowaondoa wageni, Charles Olweny alishika uongozi, Mganda wa kwanza kufanya hivyo, na kazi ikaendelea katika miaka migumu sana.

Mashine ya mionzi ilifika mwaka 1995. Ilitumia kobalti-60, metali inayotengenezwa ndani ya kinu cha nyuklia. Uzuri wa kobalti ni kwamba hutoa mionzi yenyewe, bila kutegemea umeme wa kuizalisha. Ubaya wake ni huo huo: haipumziki. Kila baada ya miaka mitano na miezi michache nguvu yake hupungua kwa nusu. Baada ya miaka kumi na nusu hubaki robo. Baada ya miaka 21 hubaki sehemu moja ya kumi na sita. Chanzo kisipobadilishwa, mgonjwa aliyelala dakika mbili chini ya mashine mpya atalala dakika nne, kisha nane.

Mwaka 2016 mashine hiyo iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Uganda ikakaa bila tiba ya mionzi ya umma, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Wengi hawakuwa na nauli wala muda. Mashine mpya ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2017, na baadaye zikaongezwa nyingine zinazozalisha mionzi kwa umeme. Funzo halihitaji fizikia: siku ya kuzindua chombo ndiyo siku ya kuanza kuhesabu siku zake.

Sisi na maneno

Mwalimu wa Kiswahili anaingia wapi? Anaingia mlangoni kabisa. Darubini ni neno lililotoka Kiajemi, lenye maana ya kuona mbali, na hadubini inakamilisha jozi hiyo kwa sauti inayofanana nayo. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, sawa na lile la Kilatini lililotupa kansa. Hapa Kampala mgonjwa husema kookolo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kwa hiyo maneno mengi tunayo. Yanayopungua ni matumizi.

Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mulago hupokea wagonjwa kutoka pande zote za nchi na hata kutoka nje, na wengi hukutana na mhudumu katika Kiswahili. Mgonjwa akiambiwa kwamba atachomwa mionzi, anafikiria moto. Akielezwa kwamba ni miale isiyoonekana, isiyomuumiza wakati wa kulala chini ya mashine, na kwamba lazima arudi kila siku iliyopangwa, huenda akarudi. Hapo neno limekuwa sehemu ya tiba.

Hitimisho

Tunapendekeza zoezi kwa madarasa yetu: kila mwanafunzi achague chombo kimoja cha maabara, akieleze kwa Kiswahili kwa mtu asiyekijua, kisha aulize kama ameeleweka. Zoezi hilo linafuata mwendo wa Burkitt mwenyewe, aliyeanza kwa kutazama, akaandika, akauliza wengine. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mulago mwaka 1957 iliuliza, na hadubini kubwa ya London ikapata kazi ya kufanya.