Mtandao wawezavyo kusaidia kupanga lishe ya mtoto mwenye PKU

KWA mzazi wa Kisii au Nyamira, sahani ya ugali wa wimbi, maharagwe na chinsaga iliyotiwa maziwa ni chakula cha kumjenga mtoto. Lakini kwa mtoto aliyezaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao kwa kifupi huitwa PKU, sahani iyo hiyo yaweza kumharibia ubongo.

PKU ni mojawapo ya maradhi ya umetaboli ya kurithi. Mgonjwa huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachovunja fenilalanini, asidi amino iliyomo katika takriban protini zote. Kemikali hiyo hurundikana katika damu, na mtoto asipotibiwa mapema akili yake hudumaa bila ya kuweza kurejeshwa.

Ugonjwa huu si laana, wala si kosa la mama. Mtoto huupata anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, ilhali wazazi wenyewe huwa wazima. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Ulaya hupata wastani wa mtoto 1 katika kila 10,000. Afrika kusini mwa Sahara ugonjwa huo ni nadra zaidi.

Daktari Asbjørn Følling wa Norway ndiye aliyeutambua mwaka wa 1934. Mnamo 1953, Horst Bickel na wenzake jijini Birmingham, Uingereza, walieleza jinsi mtoto alivyopata nafuu kwa kupunguziwa fenilalanini katika chakula. Miaka ya mapema ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alibuni kipimo cha matone ya damu ya kisigino cha mtoto mchanga. Nchini Kenya kipimo hicho hakifanyiwi kila mtoto anayezaliwa. Kwa hivyo mzazi anayeona mtoto akichelewa kukua kiakili, akipatwa na kifafa, akitoa mkojo wenye harufu ya uvundo au akiwa na nywele na ngozi nyeupe kuliko ndugu zake, aanzie katika hospitali ya kaunti ili apewe rufaa.

HESABU YA KILA SIKU

Tiba yenyewe ni hesabu. Baada ya kupima damu, mtaalamu huweka kiasi cha fenilalanini ambacho mtoto anaweza kula kwa siku. Protini inayobaki kuhitajika hutolewa kwa maziwa maalumu ya unga yasiyo na fenilalanini. Kanuni ya kukadiria ni kwamba gramu 1 ya protini hubeba takriban miligramu 50 za fenilalanini, ingawa katika matunda huwa pungufu ya hapo.

Tuseme mtoto ameruhusiwa gramu 5 za protini kwa siku. Bilauri moja ya maziwa ya ng'ombe, yenye mililita 250, ina takriban gramu 8; tayari amepita kiwango. Gramu 100 za ndizi mbivu zina takriban gramu 1 tu. Maharagwe yaliyochemshwa, kwa uzani huo huo, yana takriban gramu 8 au 9. Sukari na mafuta ya kupikia hayana protini.

Hapa ndipo mtandao unapofaa. Hazina ya FoodData Central ya Wizara ya Kilimo ya Marekani huonyesha bila malipo kiasi cha fenilalanini katika vyakula vingi. Kwa vyakula vya nyumbani, Serikali ya Kenya na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) zilitoa majedwali mapya ya vyakula vya Kenya mwaka wa 2018, pamoja na kitabu cha mapishi. Yote mawili yanaweza kupakuliwa kwa simu, kisha kutumiwa hata pale mtandao unapokatika.

MITEGO YA KUEPUKA

Mtego wa kwanza ni kuchanganya kibichi na kilichopikwa. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 7 za protini. Unga huo ukisongwa huongezeka uzani zaidi ya mara mbili kwa sababu ya maji, hivyo gramu 100 za ugali zina protini isiyofikia nusu ya hiyo. Anayesoma mstari usiofaa atamnyima mtoto au atamzidishia.

Wa pili ni mapishi. Jedwali likitaja majani ya mgagani, ambayo ndiyo chinsaga, au mnavu uitwao rinagu, halihesabu maziwa ambayo mpishi humimina chunguni kupunguza uchungu. Kila kiambato kipimwe kwa mizani ya jikoni kabla ya kupikwa, na jumla igawanywe kwa sehemu anayokula mtoto.

Wa tatu ni soda zisizo na sukari. Nyingi hutiwa aspatami, ambayo mwilini hutoa fenilalanini.

Lakini hakuna tovuti wala programu ya simu inayoweza kutambua ugonjwa. Maradhi haya yanatofautiana: mwenye galaktosemia hukatazwa maziwa, hata ya mama, ilhali mwenye PKU mara nyingi huendelea kunyonya kwa kipimo. Mzazi anayemwondolea mtoto maziwa na maharagwe kwa kukisia humwingiza katika utapiamlo.

Njia ya salama ni kuandika kila siku kilicholiwa na uzani wake, kisha kumpelekea mtaalamu wa lishe daftari hilo kila damu inapopimwa. Kiwango cha fenilalanini katika damu ndicho kitakachoonyesha iwapo hesabu ya jikoni ilikuwa sahihi, na mtaalamu ndiye wa kubadilisha kipimo cha mlo.