Sauti iliyotoka mlangoni mwa mto Pangani

Pale mto Pangani unapoingia baharini, mji umekaa ukingo wa kaskazini na Bweni iko ng'ambo. Miaka na miaka watu wamevuka hapo kwa pantoni, na mizigo yao, baiskeli zao, na gumzo lisilokwisha. Kila nikisimama kwenye ukingo ule nauona ukumbi wa muziki ambao haujajengwa: jengo la kisasa, madirisha yake yakiutazama mto, na jukwaa linalopata upepo wa bahari jioni. Nauwaza hapa kwa sababu mji huu ndio uliomzaa mwimbaji wa taarab Shakila Saidi, na mwendo wa kilomita kama 50 kuelekea kaskazini, Tanga mjini, ndiko taarab ilikopewa sura mpya.

Ajabu ni kwamba habari ya muziki huu inaanza na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Safari ilikuwa ndefu, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto huuhuu. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofuata reli ya Tanga hadi bara, na kufikia miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mkonge haujikati wenyewe. Wakaletwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Unyamwezi, Kigoma, kusini na hata nje ya mipaka, na kila kundi lilikuja na ngoma zake. Mjini Tanga ngoma zikakutana na gitaa. Bendi moja ilijiita Young Nyamwezi, jina linalotaja wazi wapigaji walitoka wapi. Baadaye ikawa Jamhuri Jazz. Mpinzani wake alikuwa Atomic Jazz, na wazee wa Tanga waliocheza dansi enzi hizo wangali na upande wao hadi leo.

Taarab nayo ilikuwa na njia yake. Unguja, Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na taarab ya kule ilikua ikitazama Misri: udi, ganuni, fidla nyingi zikipigwa kwa pamoja, wasikilizaji wametulia vitini. Vijana wa Tanga wa miaka ya 1960 hawakuwa na kundi kubwa namna hiyo. Black Star Musical Club, na Lucky Star iliyokuja baadaye, walichukua gitaa la umeme, besi, kinanda na ngoma chache, wakaupa wimbo mwendo wa kuchezeka. Mashairi yakabaki na vina na mizani yake. Siamini kwamba ni bahati tu mageuzi hayo kutokea katika mji ambao gitaa la dansi lilisikika kila mwisho wa wiki. Muda si mrefu mtindo wa Tanga ukawa unaigwa Mombasa na kwingineko pwani.

Juu ya vyombo hivyo ndipo iliposimama sauti ya Shakila. Aliimba bila papara, akilivuta neno mpaka msikilizaji akahisi ni yeye anayeambiwa. "Macho Yanacheka" ni wimbo ambao hata mtoto aliyezaliwa miaka mingi baada yake anaufahamu kwa kuwasikia mama na bibi wakiuimba jikoni.

Bei ya mkonge iliposhuka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, Tanga ilipungukiwa na fedha, na wasanii wake walikuwa wamekwishaanza kutawanyika. Wilson na George Kinyonga, waliopitia Jamhuri Jazz, walikwenda Arusha, kisha Nairobi, na huko mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika. Shakila alihamia Dar es Salaam akaimba na JKT Taarab. Alifariki Agosti 2016.

Kwa hiyo ukumbi wangu ningeuita kwa jina lake. Lakini ningemsihi mchoraji wa ramani asituletee safu za viti zilizobanana hadi miguuni pa jukwaa. Muziki wa Tanga ulikulia harusini, na harusini msikilizaji hakai kimya akangoja mwisho ndipo apige makofi. Ubeti ukimgusa anainuka, anatembea taratibu kwa mwendo wa wimbo, kanga begani na noti mkononi, anamtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi, na kila aliyepo anajua ubeti ule amejibiwa nani. Mbele ya jukwaa, basi, iachwe sakafu pana, laini, ya kumtosha mama wa bi harusi na mashoga zake wote kupita kwa nafasi.